Punguza Sauti, Nimsikie Mama

Rafiki yangu, wewe uliyezungusha kaseti na biro ili betri zisiishe, sogea karibu. Nakuambia wewe kwa sababu najua hutanicheka. Wengine wameshanicheka vya kutosha na sijajali hata kidogo.

Enzi zetu kule Kendu Bay, redio haikuwa kitu cha kushikwa ovyo. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama mwenyewe. Betri zikichoka tulizipanga juu ya mabati zipigwe na jua, tukizirudisha zinaimba tena. Ijumaa jua likianza kushuka, Mama ameshapika nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuliwa kesho, viatu vimepigwa rangi, na Baba anazima habari na rumba. Mpaka Sabato iishe, kaseti ilikuwa moja tu: ya kwaya ya kanisa letu, ambayo Baba alirekodi na redio ya kuazima, ameiweka kwa benchi la mbele.

Mama alikuwa kwa hiyo kwaya, na mimi nilikuwa mgongoni mwake. Wimbo mmoja ukifika katikati, kwaya inavuta pumzi, mtoto anaanza kulia, na Mama ananong'ona, "Ling'." Yaani nyamaza. Neno moja tu. Mtoto mwenyewe ni mimi. Kila Sabato baada ya chakula tulikaa kwa mkeka tukingoja hilo neno, na likifika, dada yangu Akoth ananifinya, wote wanacheka, Mama anajifanya hajasikia.

Siku Baba alienda Migori kununua redio yetu, alinipeleka. Wakati huo muuzaji alikuwa anaweka chupa ya soda juu ya redio. Chupa ikitetemeka, basi redio ni kali, lipa uende. Baba akatoa kaseti yake mfukoni. "Punguza," akasema. Muuzaji akapunguza. "Punguza tena." Yule mtu akamwangalia juu mpaka chini. "Mzee, unanunua redio ama unanunua kimya?" Baba amefunga macho tu. Tukatoka hapo, tukaingia kwingine, tukatoka. Duka la mwisho ndio alifungua macho, akaniinamia: "Hii inamsikia mama yako."

Sasa Baba na Mama wote wamelala, wanangoja asubuhi ya ufufuo. Kaseti ikaanza kukwaruza, nikaipeleka kwa fundi Homa Bay aihamishe kwa flashi, na nikamwambia asiifinye ndio iwe ndogo, aiache ilivyo. Nikaweka kwa simu. Kwaya iko, Ling' hakuna. Nikaweka kwa ile wufa, spika kubwa ya nyumbani. Hakuna. Akoth akaniambia, "Kaseti imekufa na hilo neno. Zika, dada yangu, nyaminwa."

Nikamwambia mimi sizikangi mtu mara mbili.

Nilisoma masomo ya jioni nikiwa tayari mama wa watoto, nasinzia kwa dawati, lakini kuna kitu mwalimu alisema kikanikaa. Wimbo ukiwa ndani ya simu si sauti, ni namba. Lazima kuwe na kitu cha kugeuza namba ziwe sauti, na hicho kitu kwa simu ni kidogo sana. Wanaopenda mziki wa kusikiliza wananunua sanduku lake kando, linaitwa DAC, la kuunganishwa na spika. Likiwa zuri haliongezi kelele. Linaacha vitu vidogo vipite.

Ooh, maneno yakaanza. "Sanduku lenyewe haliimbi?" akina mama wa kanisa wakaniuliza. "Si ununue sofa?" Binti yangu Akinyi akataka kujua kama nafungua disko. Huyo Akinyi akitaka mziki anatumbukiza simu ndani ya sufuria ndio ipaze sauti! Mtu anasikiliza nyimbo kutoka kwa sufuria ya ugali, halafu ananifundisha mimi.

Nikaenda Migori na flashi yangu. Akoth akanifuata, eti anisindikize, lakini alikuja kunizuia. Mwenye duka akanipokea vizuri, akaleta sanduku lenye taa za bluu. "Mathe, hii ndio mwisho. Subiri usikie mabati yakiongea."

"Punguza," nikasema.

Akapunguza.

"Punguza tena."

"Mathe, si hata hutasikia?"

Akoth akakaa kwa kiti, mikono amekunja. "Mrudishie tu taa zake twende nyumbani."

Sauti ilikuwa tamu, siwezi danganya. Kila mtu kwa hiyo kwaya alikuwa kama amepakwa mafuta. Lakini pale pa kuvuta pumzi, kimya kimefagiliwa safi, hakuna mtu. Nikauliza kama kuna lingine. Akatoa jeusi, zito, halina taa hata moja, akasema watu hawalipendi kwa sababu halina mbwembwe. Na huyo mtu ana roho nzuri, alienda akafunga mlango ili kelele ya barabara isiingie.

Nikafunga macho. Nikasikia benchi likivutwa. Nikasikia mabati ya kanisa, ule mlio yanafanya jua likiyachoma. Kwaya ikavuta pumzi, mtoto akalia.

"Ling'."

Hakuna mtu alinifinya. Nikafungua macho, nikaona Akoth amekunjua mikono, ameziba mdomo.

"Rudisha," akamwambia mwenye duka. Akarudisha. "Rudisha tena."

Ndilo niko nalo nyumbani, na siombi mtu msamaha. Sofa ni ileile ya zamani. Siku hizi kila boma lina mziki wa kutikisa kuta, na watu wa hilo boma hawasikiani. Sisi tulikuwa na redio moja ya betri za kuanikwa, na tulisikia mpaka pumzi ya mtu. Sabato ikifika, Akoth anakuja, tunakaa kwa mkeka, na Akinyi ameacha sufuria yake jikoni.

Sasa, rafiki, usikae na haya peke yako. Mwambie dada yako, mwambie yule mliimba naye kwaya, yeyote ambaye bado ana kaseti chini ya kitanda. Asiitupe. Na muuzaji akimwongezea sauti, amwambie apunguze.