Kidole Gumba cha Rehema

Haikuwa hata usiku. Ilikuwa saa nane mchana, baridi ya Iringa imeshuka, nami nimejinyoosha kitandani na binti yangu Rehema, mwenye wiki saba, baada ya kumnyonyesha. Nilifumba macho kidogo tu. Nikajikuta kwenye maabara ya chuo, na Mwalimu Sanga amenipa mgongo.

Mwalimu Sanga ndiye aliyenifundisha jinsi kiumbe kinavyojijenga tumboni. Alifariki nikiwa mwaka wa mwisho. Nilitupa udongo kaburini kwake kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini pale amesimama na koti lake jeupe, anakata ganda la yai la kuku kwa mkasi mdogo, kama alivyozoea, ili tuone kifaranga kingali uzi na tone la damu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ananisogezea yai. Ndani yake moyo unapiga, mdogo kama punje ya mtama. Naisikia sauti yake ya darasani, ingawa midomo imefumbwa: kuna protini za ukoo mmoja, kazi yake kukaa juu ya jeni na kuziamuru ziwake au zinyamaze. Mojawapo husimamia mkono unapochipuka, na hiyohiyo husimamia moyo unapojigawa vyumba. Hayo nilikuwa nayajua. Niliyaandika kwenye mtihani nikafaulu.

Naangalia tena. Yai halina kifaranga. Lina mkono wa mtoto, na kidole gumba chake chembamba kinaning'inia kama uzi, sawa na cha Rehema.

Ukuta wa maabara haupo tena. Mama mkwe wangu anamwogesha Rehema kwenye beseni, anarudia maneno yaleyale ya siku aliyozaliwa: "Kidole hiki ni cha babu yake. Ni alama ya ukoo wetu, msihangaike." Huyo babu, baba yake mume wangu Elia, sikumkuta. Niliambiwa tu kwamba alianguka akafa shambani angali kijana, jembe mkononi, na watu wakasema amerogwa.

Beseni limejaa mayai. Yote yanapiga, moja linapunguza mwendo. Lipi? Napasua hili, tupu. Napasua lile, tupu. Mapigo yanazidi kuachana. Ndipo Mwalimu anageuka na kunitazama usoni.

"Mkono mliuona siku ya kwanza," anasema. "Moyo ameutazama nani?"

Nataka kujibu, mdomo umejaa maganda. Ananiwekea yai kiganjani. Limelowa, linateleza.

Nikashtuka. Kiganja changu kilikuwa juu ya kichwa cha Rehema, na kichwa kimelowa jasho, katika baridi ile. Alikuwa akihema upesiupesi, mbavu zinaingia ndani. Wiki saba alikuwa akinyonya kidogo, anaacha, anapumzika, analala, na sisi tukimwita mtoto mpole.

Nilimbeba nikatoka mbio hadi jikoni. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage.

"Mama, baba kabla hajaanguka, alikuwa akichoka?"

"Akipanda kile kilima alikuwa anakaa chini mara tatu. Kwa nini unauliza?"

"Tunakwenda hospitali. Sasa hivi."

"Nani amekwambia mtoto anaumwa?"

"Mwalimu wangu."

"Yule marehemu?"

"Ndiye."

Alinitazama, akaacha ungo, akafungua kanga yake kiunoni na kumfunga Rehema mgongoni mwangu.

Elia alitukuta hospitali. Daktari, mama mmoja wa makamo, alisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, kisha akampitisha kwenye mashine ya picha. Kulikuwa na tundu kati ya vyumba viwili vya moyo. "Tutaanza na dawa, na upasuaji atafanyiwa," alisema. "Mmemleta angali na nguvu."

Nikamweleza habari ya kidole na ya babu. Alikuwa akitazama mikono ya Elia iliyomshika Rehema, na vidole gumba vyake virefu, vimenyooka kama vidole vingine, vidole nilivyovishika tangu uchumba wetu nikiona ni uzuri wake tu.

"Mpe mama mtoto," daktari akamwambia. "Vua shati, baba, ulale hapa, niutazame na moyo wako."