Upande Aliosimama Mama

Siku tuliyofika kambini mwaka huu, baba yangu aliliacha gari-nyumba letu limekaa mkingamo katikati ya njia, injini inaunguruma, akashuka, akaenda zake hotelini.

Hata mlango hakufunga.

Kambi nzima ilikuwa imetoa viti nje, inamtazama.

Mimi nilibaki nyuma ya gari, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Na niseme ukweli, sikuhisi kitu. Tangu tumzike mama mwezi wa tatu nilikuwa hivyo. Ungenichoma sindano ningekuuliza tu umeinunua wapi.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Sisi ni watu wa Minnesota, kaskazini kabisa, ambako ukimkuta mtu kaangukiwa na mti ukamuuliza hali, atakujibu siyo mbaya sana. Baba yangu anaitwa Arvid. Mama alikuwa Lorna. Mimi ni Maren, na mdogo wangu wa pekee ni Leif.

Kila mwezi wa saba, tangu nina meno ya utoto, familia yetu huenda kukaa wiki nzima kwenye kambi ya mapumziko kando ya ziwa. Tunalala kwenye gari-nyumba. Ni gari refu kama basi, ndani lina vitanda, jiko, na choo ambacho ukikaa magoti yanagonga mlango. Mvua ikinyesha mnabaki humo mnanusana. Mashuka yana unyevu wiki nzima. Ukigeuka kitandani, gari zima linajua.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kambi, kuna hoteli. Vitanda vipana, maji ya moto hayakatiki, kiamsha kinywa kipo.

Leif alipoanza tu kupata mshahara akahamia huko, na hakurudi tena. Anakuja kula kwetu, analala kwake. Na kila mwaka ubishi ni ule ule: tuuze hilo bati, sote tulale kama binadamu.

Mama alikuwa akimjibu kwamba hoteli ni ya watu waliochokana. Ubishi unaishia hapo.

Sasa mama hayupo. Siku ya mazishi, sahani za viazi na nyama bado ziko mikononi mwa watu, Leif akanivuta pembeni. Akasema mzee keshazeeka, safari ya mwaka huu tumpe, lakini akiyumba tu kidogo, gari linauzwa. Tayari alikuwa na mtu anayelitaka.

Nikamwambia sawa. Wakati ule ungeniambia chochote ningesema sawa.

Halafu nikaingia kwenye gari lile kulisafisha, nikakuta kikombe cha mama kinaning'inia kwenye ndoano yake. Ndara zake ziko chini ya kitanda, kisigino kimelika upande mmoja. Nyumbani shangazi zangu walikuwa wameshagawa kila kitu, kwa nia njema kabisa. Ndani ya gari hakuna aliyekumbuka kugawa. Pale ndipo mahali pekee duniani mama alipokuwa bado anakaa.

Nilikaa kwenye kitanda chake nikasubiri kulia. Hakikuja kitu. Lakini nilijua gari lile silitaki liuzwe.

Sasa, kuna jambo moja mlijue kuhusu kambi.

Jioni kule burudani ni moja tu. Unatoa kiti chako cha kukunja, unashika kopo la bia, unaangalia wanaofika wakipiga rivasi kuingia kwenye viwanja vyao. Viwanja ni vyembamba, miti pande zote, bomba la maji linakungoja ulipige. Mume anaendesha, mke anasimama nyuma anaelekeza kwa mikono. Ndoa nyingi zimepata ufa pale. Tumeona wanawake wakiacha kuelekeza na kwenda kuomba usafiri wa kurudi mjini.

Baba na mama walikuwa mabingwa. Watu walikuwa wanaacha kula.

"Lete, lete, lete," mama anaita. "Kata kulia. Nyoosha. Lete. Hapo."

Mara moja tu, gari liko ndani.

Ila mama alikuwa na kosa moja, na kambi nzima ilikuwa ikimtania kwa hilo. Kila anayeendesha gari-nyumba anajua kwamba mwelekezaji husimama nyuma upande wa dereva, ambao kwetu ni kushoto, ili aonekane kwenye kioo cha dereva. Mama alisimama kulia. Miaka na miaka, kulia.

Jirani yetu wa kambi, Merle, dereva wa malori mstaafu ambaye hakuna asilolijua, alikuwa akimpigia kelele kutoka kwenye kiti chake: "Lorna, umesimama kwa abiria. Arvid anakuona kwa miujiza?"

"Huku kuna kivuli," mama anamjibu.

Hakukuwa na kivuli. Mti wa kivuli ulikuwa kushoto. Watu wanacheka, wanarudi kwenye bia zao.

Basi, mwaka huu baba akaniambia niendeshe mimi. Kachoka, alisema. Nikaendesha njia nzima, yeye kakaa kashikilia kofia yake magotini. Tulipofika kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya kambi, akaniambia nisimame.

"Nipe usukani."

Nikaona ajabu, lakini sikuuliza. Nilikuwa siulizi vitu siku hizo.

Kambini viti vikatoka. Leif alikuwa keshafika, kasimama kando kakunja mikono. Nikashuka nikaenda kusimama kulia, alipokuwa akisimama mama. Merle akanyanyuka kwenye kiti.

"Mwanangu, wewe usirithi kosa. Hamia upande wa dereva, baba yako akuone vizuri."

Ilikuwa kweli, kila mtu anajua. Nikahamia kushoto.

Baba akaanza kurudi. Nikamwita alete, akaleta. Nikamwambia akate, hakukata. Nikainua mikono yote miwili. Gari likaendelea kuja. Nikapiga kelele, likasimama, likaenda mbele, likarudi tena, na safari hii lilikuwa linakuja kwangu moja kwa moja. Niliruka pembeni. Bomba la maji likavunjika na maji yakaruka juu.

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichokuwa kibaya zaidi.

Baba akashuka, akaniangalia kama nipo mzima, akaondoka.

"Basi, dada," Leif akaniambia taratibu. "Imeisha hiyo."

Merle alilipaki gari letu kando ya lango. Mimi nikavuka barabara. Mapokezi wakaniambia mzee kachukua chumba cha wiki nzima, na alisisitiza kiwe na beseni la kuogea. Baba yangu ni mtu wa kuoga kwa ndoo ikibidi. Nikadhani majonzi yamemchanganya.

Nililala chumba cha jirani. Kitanda kilikuwa kizuri sana. Nililala kama gogo, na asubuhi sikuwa na nafuu yoyote.

Kwenye kiamsha kinywa, Leif alikuwa keshampata mnunuzi kwa simu. Mtu angekuja mchana. Alimweleza baba kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa, na baba akawa anaitikia kwa kichwa huku anaangalia mayai yake.

Mimi nilikaa kushoto kwa baba. Palikuwa mahali pa mama, mezani, kanisani, hata wakitembea. Sisi watoto tulikuwa tukisema ni mapenzi.

Nikamsogezea kikombe cha kahawa. Hakukichukua. Nikamwambia kahawa hii hapa. Akasema asante, akapeleka mkono, akakipiga kikamwagika mezani.

Kikombe kilikuwa wazi kabisa, karibu na kiwiko chake.

Leif alikurupuka kutafuta vitambaa. Mimi sikunyanyuka. Niliinua mkono wangu taratibu kando ya shavu lake la kushoto, nikapunga. Hakupepesa jicho.

"Baba," nikamwambia. "Hilo jicho limekufa lini?"

Akafuta kahawa kwa kiganja.

"Zamani. Mlikuwa mmeshaanza kuja na magari yenu. Presha ya macho." Akakisimamisha kikombe. "Hili la kulia siyo baya sana."

Leif akasimama na vitambaa mkononi.

"Na barabarani alikuwa anaendesha nani?" akauliza.

"Mama yenu."

Mama, ambaye sote tulikuwa tukimtania kwamba analiogopa gari lile. Mama aliendesha njia nzima, miaka yote hiyo, na kwenye kituo kile cha mafuta walibadilishana, ili watu wa kambi wamwone Arvid anaingia na gari lake. Kisha anashuka kwenda kusimama kulia, upande ambao mumewe bado ana jicho. Ukisimama kushoto, baba lazima ageuze kichwa kizima kukutafuta, na akigeuza hivyo anapoteza kila kitu kingine.

"Ungetuambia," Leif akasema.

"Mngeniambia niache. Na pale kambini ndipo mahali pekee ambapo watu hutoa viti nje kuniangalia nikifanya kitu."

Nikamuuliza beseni la kuogea ni la nini.

Akaichukua kofia yake kutoka magotini.

"Mama yako mgongo ulikuwa unamsumbua. Kila mwaka ananiambia, Arvid, tukalale hotelini, nataka nijilaze kwenye maji ya moto. Namwambia mwakani." Akaikunja ile kofia. "Kwenu alikuwa anasema hoteli ni ya waliochokana. Alikuwa ananifichia mimi niliyekataa."

Leif alitoka nje na simu. Niliona kupitia kioo anaongea, anatikisa kichwa. Aliporudi akasema mnunuzi haji tena.

Tukavuka barabara watu watatu. Asubuhi ilikuwa ya mawingu. Nikapanda kwenye usukani, na safari hii baba hakuniomba.

Viti vikaanza kutoka, watu na kahawa zao. Nikaangalia kioo cha kushoto, sikumwona mtu. Nikaangalia cha kulia. Baba alikuwa amesimama pale pale pa mama, miguu imepanuka, mikono tayari.

"Arvid," Merle akaita. "Hata wewe? Upande wa dereva, mzee."

"Huku kuna kivuli," baba akasema.

Merle akamwangalia, akaangalia mawingu, kisha akamwangalia tena. Akakaa chini. Sijui alielewa nini, lakini hakutania tena.

"Lete," baba akaita. "Lete, lete. Kata kulia. Nyoosha. Hapo."

Gari likawa ndani. Kikombe cha mama kilikuwa kinayumba kwenye ndoano, kikatulia. Nikazima injini, nikasikia mikono yangu inauma kwa kuubana usukani, na nikafurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kuihisi kwamba ni yangu.

Jioni ile nilienda chumbani kwa baba, nikajaza lile beseni, nikajilaza kwenye maji ya moto kwa niaba ya mama. Humo ndimo nilimolia.

Tangu siku hiyo, nikimwona mtu kasimama mahali ambapo kila mjuzi anasema siyo pake, sicheki. Naenda kwanza kusimama alipo yeye, nione ni nani anayemwona akisimama hapo.