Nilipiga filamu ya mama akipika sombe, nikajua yaliyotokea siku ya vita

Salamu wakuu, naandika toka Bunia. Chumvi sitaongeza, na anayebisha, video ninayo.

Kazi yangu ni kupiga video za ndoa na matanga hapa mtaani kwetu Mbunya. Kamera naijua, sijisifu bure. Juzi nikaamua kutengeneza filamu yangu: mama anapika sombe, yale majani ya muhogo, kama alivyopika wakati wa vita.

Sasa, niseme ukweli. Sombe ya mama ni mbaya. Majani yanakwama mu meno. Majirani wote wanatwanga, yeye anakata kwa kisu. Tangu utoto tunamcheka, tukisema ni uvivu.

Basi nikanunua kinu. Filamu ya sombe bila mlio wa kinu ni filamu gani?

Kamera ikawaka, nikampa mchi. Akauweka chini, akachukua kisu. Nikabisha, eti ananiharibia kazi. Nilikuwa mjinga kweli, acheni tu.

Akaanza kukata, macho kwenye majani.

"Mu vita hatukutwanga. Kinu inalia, wenye silaha wanasikia kama mu nyumba iko watu."

Akaeleza tulivyojifungia ndani siku nyingi, akipikia makala, yaani makaa makavu, ili moshi usionekane. Siku moja barabara ikatulia, akatwanga kidogo. Sombe ikiwa motoni, wakaja. Baba akatoka mbele kuwachelewesha, siye tukapita nyuma.

Kwamba baba aliuawa nilijua. Kilichowaleta sikukijua.

Nikamuuliza kwa nini alitwanga.

"Weye ulikuwa unalia njaa. Ya kukata ulikuwa unatapika."

Wakuu, nililia. Miaka yote hiyo mama aliamini kinu ndicho kilichomuua baba, na aliogopa nikijua nitamchukia. Nikamwambia aliyeua ni mwenye bunduki, si yeye wala kinu. Akakata mpaka majani yakaisha.

Kuna watakaosema filamu ya mapishi haiwezi kuwa kumbukumbu ya maisha ya mtu. Nakataa kabisa. Ningemkalisha kwenye kiti nimuulize habari za vita, angesema tuliteseka, Mungu akatulinda, basi. Maneno yalitoka kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Filamu yote ni kisu, majani na sauti yake, na maisha yake yamo humo.

Nilimwambia niko tayari kufuta kipande kile. Akakataa, akataka jina la baba liandikwe mwanzoni. Nimeliandika.

Haya, changieni. Mama yako anapika nini ambacho nyumbani mnamcheka? Muulize, lakini akiwa jikoni.

Mimi nilibakiwa na swali moja tu, ile sombe ya siku ile ilienda wapi. Mama akasema alikimbia na sufuria kichwani, njia ya kwenda kijiji cha Marabo, na kwamba nilikula yote.