Njia ya Mbweni Baada ya Mvua

Aliyenipora kazi nilisoma naye chuo. Nilimwita kaka, naye akiniita dada. Tuliajiriwa pamoja Sinza, kwenye ofisi iliyokuwa ikisambaza dawa kwa bodaboda, na bosi alipotaka programu ya kuwapangia madereva njia, aliniambia mie nichague zana ya kuijengea.

Nikaziingiza barabara za mji kwenye kompyuta: kila makutano nukta, kila barabara mstari, na kila mstari na muda wake wa kupita. Kisha nikajaribu zana moja baada ya nyingine. Niliyoichagua ilikuwa ndogo. Iliandaa mahesabu mapema, dereva akiuliza njia anajibiwa papo hapo, na mvua ikikata barabara naufunga mstari ule mara moja.

Siku ya kuwasilisha, kaka akasimama kabla yangu. Ramani yangu ikawaka ukutani. Hakusema ni ya nani. Akasifia zana nyingine, kubwa, inayogawa kazi kwa seva nyingi, zile kompyuta kubwa za mbali.

"Hiyo si ya kuchambua mtandao mzima wa barabara kwa mpigo?" nikauliza. "Dereva anataka njia moja tu, tena sasa hivi."

Akamgeukia bosi. "Dada yangu huyu anaogopaga vitu vikubwa."

Bosi akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu bosi kacheka. Kaka akapewa mradi. Mie nikapelekwa kupokea simu za wateja waliocheleweshewa dawa.

Niliacha kazi, nikapata nyingine Kunduchi, kwa wasambazaji wa samaki wa mahotelini. Huko nikajenga kwa zana yangu. Masika ilipokata kalavati kwenye njia ya Mbweni, niliufunga mstari ule siku ileile. Nikajua kabisa kwamba kwenye ramani aliyoniibia uko wazi.

Baadaye hospitali moja ya Mbweni ikatafuta msambazaji wa dawa, ikaziita ofisi zetu zote mbili, maana sie tulishaanza kubeba na dawa. Wakaniambia nianze.

"Hapana," nikasema, "mtangulizeni kaka yangu."

Nikakaa kiti cha mbele. Daktari mkuu akamwambia, "Pikipiki iko Kunduchi. Ilete hapa."

Seva zikazunguka. Tukasubiri. Kaka akajifuta jasho, akasema mtandao uko chini. Mwishowe mstari mwekundu ukatokea, ukapita moja kwa moja juu ya kalavati ambalo kila mtu mle ndani alikuwa amelizunguka asubuhi hiyo.

"Hapo pikipiki itaruka?" daktari akauliza.

Walicheka kile kicheko ninachokijua. Nilikionea utamu.

Tulipotoka akanifuata koridoni. "Dada, ulijua. Ungenishtua tu."

"Si ramani yako, kaka?"

Kazi tukapewa sie. Ofisi yake ikafuta mradi, naye akaja Kunduchi kuomba nafasi. Bosi wangu mpya akaniachia niamue. Nikamchukua. Tulikuwa tunajitanua kwenda Temeke, na vichochoro vya kule vilihitaji mtu wa kuvihakiki kwa miguu. Kamaliza Tandika, kamaliza Mtoni, juani na matopeni, na kila kichochoro alichokikosea hata kidogo namrudisha akakipite upya.

Mama yangu, mtu wa kanisa, aliposikia alishika kichwa. "Inatosha sasa, mwanangu."

"Bado Mbagala yote, mama," nikamjibu.