Kopo la Konsolata

Nimelikana jambo hili miaka mingi, mbele ya mume, watoto, hata padri, kwa hiyo acha niliseme kabla sijabadili mawazo. Lile jibu la vyombo vya angani, lililonipeleka shule ya bweni Gitega, halikuwa langu. Lilikuwa la Konsolata, mtoto wa mama yangu mdogo.

Enzi zetu za ukimbizi, kambini Tanzania, hatukuwa na simu za kupapasa. Tulikuwa na kopo la maziwa ya unga, tupu, lenye kifuniko cha kubana. Unalitoboa ubavuni kwa msumari, unatia maji kidogo, unalining'iniza kwa waya juu ya makaa. Maji yakichemka, mvuke unapiga mluzi tunduni na kopo linarudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayetoroka ibada. Wanangu nikiwasimulia wananiuliza kama hilo ndilo lote. Mama alikuwa akisema, "Mkiungua msinililie," kisha anasogea kutazama. Fundi alikuwa Konsolata. Alijua tundu likae wapi ili kopo liende anakotaka.

Amani ilipotengemaa tukarudi kwetu Giteranyi, ng'ambo ya mpaka, sisi kwanza, kina Konsolata miaka miwili baadaye. Hapo ndipo damu inaponichemka hadi leo. Konsolata alikuwa wa kwanza darasani kule kambini, lakini hakujua Kifaransa, lugha ya shule za kwetu. Wakamrudisha madarasa matatu, akaketi na watoto waliomfika kiunoni, magoti hayaingii chini ya dawati. Hakuna aliyempa hata hesabu moja ampime.

Mimi niliyetangulia nilikuwa na Kifaransa cha kubabaisha, nikahesabiwa hodari. Siku moja mwalimu wa fizikia, mtu wa Gitega mwenye koti moja na jarida kuukuu la sayansi, alitusomea habari za vyombo viwili vilivyotumwa kupita sayari zote. Vilikuwa vikipunguza mwendo zaidi ya hesabu zilivyotaka, japo kwa kiasi kidogo mno, na wataalamu hawakujua sababu. Wengine walishuku vumbi, wengine gesi inayovuja, wengine sayari iliyojificha. Walikuwepo hata waliokuwa tayari kurekebisha sheria za uvutano. Akatutaka tulete maelezo yetu keshokutwa. Atakayemridhisha angemwandikia barua ya kuombea nafasi Gitega.

Jioni, tukimenya maharage, nikamsimulia Konsolata. Akauliza chombo kinapata wapi umeme huko mbali na jua. Nikamwambia kimebeba kitu chenye joto ndani. Akacheka.

"Basi iko kama kopo letu. Joto linatoka zaidi upande mmoja, linakirudisha nyuma. We waambie waache kusumbua sayari."

Nikawaambia, kwa Kifaransa, nimesimama wima, nikichora kopo hewani kwa vidole. Mwalimu akauliza nimelitoa wapi. Nikajibu kwamba nimelitoa kichwani mwangu. Barua ikaandikwa. Mwaka uliofuata Konsolata akaacha shule, akaolewa Mwakiro.

Baadaye, nikiwa nimeshamaliza shule, nilisoma kwamba wataalamu wamefukua takwimu za zamani na kuona hivyo hivyo. Si mvuke, maana mle hamna maji. Ni joto lenyewe, likitoka zaidi upande wa mbele, ndilo lililokuwa likivisukuma nyuma. Nilikasirika kana kwamba wameniibia mimi. Na Konsolata alipoligusia kwenye harusi ya kaka yangu, nilisema mbele ya ukoo mzima kwamba amesahau, alikuwa mdogo. Amenizidi mwaka mmoja.

Wiki iliyopita mwanangu aliiuliza simu yake swali lile lile. Ikamjibu kabla hajamaliza kutafuna andazi, kwa Kiswahili, bila kujali ametoka upande gani wa mpaka. Naye akalalamika kwamba mtandao unasuasua. Nilitamani kumnyang'anya simu, nikakumbuka nani hasa anastahili hasira yangu.

Jumapili nikampigia Konsolata, nikakiri yote. Alisikiliza hadi mwisho, mbuzi wakilia nyuma yake. Kisha akaniambia kwamba siku ile darasa lao lilitoka mapema, akaja kunisubiri dirishani. Alikuwa ameviona vidole vyangu. Alijua ninasema nini.

"Sasa mbona hukuingia ukasema ni lako?" nikamuuliza, na hata hapo nilikuwa nikimlaumu yeye.

"Kwa lugha gani, mdogo wangu?" akasema.