Kutu Kwenye Meli ya Baba

Jirani anapulizia geti lake rangi, na harufu ya thina imenirudisha uani kwetu Mkuyuni, baba alipokuwa amepunguzwa kazi melini. Siku zile alikuwa haongei. Alichonga kwa mbao mfano wa meli aliyokuwa akifanyia kazi, ndogo kama kiatu, akaipaka nyeupe, kisha akanipa bomba la kupulizia rangi nitie kivuli ubavuni.

"Taratibu, itue kama vumbi."

Nilibonyeza mno. Rangi ya kahawia ikachuruzika, nikaanza kulia.

Baba aliinama akaitazama michirizi ile.

"Usifute, mwanangu. Hapo ndipo ilipokuwa na kutu. Niliikwangua kila tulipofika bandarini."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani, akanisimulia habari za meli mpaka chai yetu ikapoa.