Chambo cha Mhandisi

Hii nimeificha hata kwa mke wangu. Nilikuwa dereva wa mhandisi Mmarekani, kule ughaibuni, mjini Al Rayyan. Siku moja nilimkuta sebuleni akifunga mizigo ya likizo: fimbo za kuvulia, nyuzi, na pakiti ya vitu laini vya rangirangi, vinavyonukia kama peremende. Nikavikodolea macho.

"Chukua kimoja uone," akasema, kisha akanipa mgongo akikunja uzi.

Nikachukua cha kijani, nikatia mdomoni. Kilikuwa na chumvi na hakikutafunika, lakini niliona aibu kukitema nyumbani kwa bosi.

"Nakwenda kuvua besi, samaki wa mito ya kwetu," akaendelea. "Chambo hicho ni mpira tu. Unakirusha upande maji yanakotoka, unaacha kiteremke polepole kati ya mawe. Kimetiwa chumvi ili samaki adhani ni chakula, asikiteme haraka."

"Huwa anakaa nacho muda gani?" nikauliza, mdomo umejaa.

Akageuka kunijibu, akaona mkia wa kile chambo cha kijani ukining'inia midomoni mwangu.

"Hata yeye," akasema taratibu, "angekuwa ameshakitema."